Sauti ya Tano

Njugu ilikuwa kitu kidogo sana. Mtu akiivaa sikioni getini asubuhi, hajafika kwenye mashine ameshaisahau, na hapo ndipo nayo inapoanza kazi. Jina lake rasmi lilikuwa refu, la kitaalamu, lakini wafanyakazi wa kituo cha umeme wa mvuke cha Ikambako, chini ya mlima Rungwe, hawakuwa na muda wa majina marefu. Waliiita njugu, basi. Ilipitisha maagizo ya mabosi katikati ya kelele za mvuke, na hakuna aliyeilalamikia, maana kabla yake watu walikuwa wakipigiana makelele mpaka koo zinakauka.

Subilaga Mwambene aliivaa miaka yote aliyokuwa fundi. Asubuhi hii aliivaa kwa mara ya kwanza akiwa meneja wa uzalishaji, na blauzi mpya inayombana kwapani. Alipanda ngazi kwenda ofisi ya Mkurugenzi akitegemea kupewa funguo za ofisi na maneno mawili matatu ya pongezi. Alipewa kishikwambi chenye vitufe vitano.

"Kaa, binti yangu," alisema Mkurugenzi Luvanda, akammiminia chai kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa mtu mpole, mwenye sweta la kijivu na miwani ya kusomea. Ukimkuta sokoni ungempa nafasi apite mbele. Ukuta mmoja wa ofisi yake ulikuwa kioo kitupu, na chini yake ukumbi mzima wa mitambo ulionekana: mabomba, matangi, na watu wa zamu ya asubuhi wakijikusanya.

"Angalia chini. Usimwangalie mmoja, waangalie wote."

Aliinamia kipaza sauti kilichokuwa mezani. "Jamani, tuanze kazi," alisema, kwa sauti ile ile ya kumwuliza mtu kama anaweka sukari.

Kule chini kijana mmoja alisimama wima kama yuko gwaride. Mwenzake alitabasamu na kusugua mikono. Wa tatu aliinamisha kichwa, mabega yakampanda, akawa kama mtoto anayesubiri kofi. Mama mmoja wa usafi alishika ufagio huku anacheka peke yake, kwa furaha ya kweli. Subilaga aliiogopa ile furaha, na hakujua bado kwa nini.

"Nimesema maneno matatu tu," Luvanda alisema. "Lakini kila mmoja amesikia ya kwake."

Alimweleza kitufe kimoja kimoja, bila haraka, kwa sababu alikuwa anaipenda kazi yake. Ndani ya njugu kulikuwa na kipimo kilichogusa mshipa nyuma ya sikio. Kila agizo lilipotolewa, kilipima moyo ulidunda vipi na mkono ulikawia kiasi gani. Baada ya wiki chache kilikuwa kimeshamjua mwenye sikio. Kuna anayetii cheo, huyo sauti ya bosi inamfikia nzito, ya mtu mwenye haki ya kuamuru. Kuna anayetii mkono unaotoa, huyo inamfikia tamu, yenye ahadi ndani yake. Kuna anayetii adhabu. Kuna anayemtii mjuzi tu, huyo anasikia mtu aliyebobea ambaye hakosei. Maneno hayabadiliki. Kinachobadilika ni nani anaonekana kuyasema.

"Na cha tano?" Subilaga aliuliza.

"Cha tano ni mapenzi." Luvanda alivua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta. "Watu wengi huhifadhi sauti kwenye simu zao. Za wazazi, za waliokufa. Siku ya kuvaa njugu walikubali iunganishwe na simu. Hawakusoma, nani anasoma? Basi njugu inajua wanampenda nani. Ukibonyeza cha tano, huyo ndiye anayewaambia."

Subilaga aliweka kikombe chini. "Mkurugenzi, huo si uchawi?"

Luvanda alicheka. "Kabla ya njugu nilikuwa naendesha kiwanda kwa mdomo wangu huu. Huyu namtisha, huyu namsifu mbele za watu, huyu namwahidi safari ya mafunzo. Nilikwenda kwenye misiba yao yote, nikabeba jeneza, nikala nao matangani. Unadhani nilikwenda kulia? Bosi yeyote anafanya hivyo, binti yangu. Mimi nimepunguza safari tu."

"Na mimi? Nilipokuwa kule chini, nilikuwa nasikia ipi?"

"Wewe sasa ni meneja," alisema, na kumwongezea chai. "Meneja anasema. Hasikilizi."

Subilaga alijiapia pale pale, kimoyomoyo, kwamba kitufe cha tano hatakigusa maisha yake yote.

*

Tatizo la siku hiyo lilikuwa Chumba cha Tatu. Valvu yake ilikuwa imekwama tangu jana, mvuke ulikuwa unapotea, na wageni waliotaka kuinunua njugu kwa ajili ya viwanda vyao walikuwa njiani kutoka uwanja wa ndege. Luvanda aliwataka wakute mitambo yote inaunguruma.

Chumba chenyewe kilikuwa kama shimo lililolala, chembamba, kirefu, na bomba limeshika nusu ya nafasi. Gesi ya ardhini ilijikusanya humo. Kila mtu Ikambako alifundishwa siku ya kwanza kwamba harufu ya mayai viza si ya kuogopwa sana. Ya kuogopwa ni pale inapokwisha ghafla, maana gesi ikizidi inaiua pua kwanza, halafu mwenye pua. Kipima gesi cha chumba hicho kilikuwa kimepelekwa mjini kutengenezwa.

"Mwite Gwakisa," Luvanda alisema, amesimama nyuma ya kiti cha Subilaga. "Ana mikono mizuri."

Kupitia kioo, Subilaga alimwona Gwakisa mbele ya mlango wa Chumba cha Tatu, na spana begani. Walikuwa wameanza kazi zamu moja. Alikuwa mcheshi, mwembamba, mtu wa kuimba akiwa kazini na kusahau maneno ya wimbo.

Alibonyeza cha kwanza, cha cheo. "Gwakisa, ingia Chumba cha Tatu ufungue valvu."

Sauti ya Gwakisa ilirudi kwenye njugu yake. "Hongera kwa cheo, meneja. Lakini kipima hakipo."

Alibonyeza cha ujuzi, akijisemea kuwa hiki angalau ni cha heshima. "Shughuli yenyewe ni fupi. Hewa ilipimwa jana, ilikuwa salama."

"Jana si leo. Halafu nani atanishikia viatu?"

Hapo Subilaga aliondoa kidole kwenye kitufe. Ikambako kulikuwa na desturi ya mafundi, ya tangu visima vya kwanza vilipochimbwa. Anayeingia chumba cha gesi anavua viatu vyake na kuvaa gambuti za kampuni, na anayemtuma anavishika viatu hivyo mkononi, mlangoni, mpaka mwenyewe atoke. Haviwekwi chini, wala mtu mwingine haachiwi. Msimamizi asiyetaka kusimama pale na viatu vya mtu mkononi, basi hajatuma. Tangu njugu zije, maagizo yalikuwa yanatoka ghorofani, na viatu vilikuwa vinabaki kwenye rafu peke yake. Watu walinung'unika kidogo, halafu wakazoea.

"Tusubiri kipima, Mkurugenzi," alisema. "Naomba."

"Mwambie tena aingie. Mara moja tu. Akikataa, tutasubiri."

Ilikuwa ombi la kiungwana, na Subilaga alifurahi kulikubali. Baadaye alishangaa alifurahi kwa nini. Alifungua mdomo akasema, "Gwakisa, ingia," na wakati huo huo mkono wenye sweta la kijivu ukapita juu ya bega lake, na kidole gumba kikatua kwenye kitufe cha tano.

Kule chini Gwakisa aliacha spana ishuke taratibu kutoka begani. Uso wake ulilegea wote. Aligeuka nyuma akatazama, kushoto akatazama, kama mtu aliyeitwa jina lake kwenye umati.

"Ee, juba," alisema.

Subilaga alikuwa mtoto wa Rungwe. Hakuhitaji mtu wa kumwambia kwamba hivyo ndivyo mtoto anavyomwitikia mama yake.

Gwakisa alivua viatu akavipanga vizuri ukutani, kimoja kando ya kingine, jinsi mtoto anavyovipanga akijua atakaguliwa. Akavaa gambuti, akainama, akaingia.

*

Subilaga hakukumbuka aliposhuka ngazi. Alikumbuka tu kwamba alikuwa na kishikwambi mkononi, na kwamba blauzi ilipasuka kwapani. Mlangoni alimkuta Atupele, msimamizi wa zamu, mwanamke mnene mwenye ulimi mkali, akihangaika kujifunga mtungi wa hewa mgongoni.

"Nani kamtuma huyu?" Atupele alifoka. "Naona viatu viko chini!"

"Mimi," alisema Subilaga. Aliokota viatu. Vilikuwa bado na joto, na joto hilo likamtia woga kuliko mlango wenyewe. "Gwakisa! Toka!"

Mvuke ulimeza sauti yake. Alibonyeza cheo. "Gwakisa, hili ni agizo. Toka nje."

"Namalizia," ilijibu sauti kwenye njugu, nzito kidogo, ya mtu aliyetoka usingizini. "Mama kasema niingie. Naona raha humu. Ile harufu imekwisha kabisa."

Atupele alisikia, maana njugu ya msimamizi hupokea sauti za wote walio ndani ya vyumba vya gesi. Mikono yake iliganda kwenye mikanda. "Ooh, Mungu wangu," alisema. "Mungu wangu, imekwisha."

Subilaga alibonyeza adhabu. Alimwambia atamfukuza kazi, atamshtaki, hatapata kazi popote nchini. Alibonyeza tunzo, akamwahidi vitu ambavyo hakuwa navyo. Gwakisa alicheka kidogo, kwa upole, halafu akaanza kuimba wimbo wake usio na maneno. Njugu ilitengenezwa hivyo makusudi: sauti ya tano ikishasema, zile nne haziwezi kuitengua. Ni mwenye kupendwa pekee anayeweza kumtengua mwenye kupendwa.

"Niingie?" Subilaga aliuliza.

"Uingie uende wapi bila hewa? Mle hawapishani wawili. Tutawatoa maiti wawili badala ya mmoja." Atupele alikuwa anavuta mkanda kwa meno. "Mtungi huu hata nikimaliza kuufunga sijui kama nitapenya na mwili huu. Meneja, fanya unachofanya huko juu! Hilo dude lililomwingiza, limtoe!"

Kidole cha Subilaga kilikuwa juu ya kitufe cha tano. Alikuwa ameapa asubuhi, chai haijapoa. Aliogopa kwamba hakitafanya kazi, na aliogopa zaidi kwamba kitafanya. Wimbo ulikuwa unakatika katika.

"Ulimjua mama yake?" aliuliza.

"Jirani yangu. Tumemzika mwaka juzi."

"Alikuwa anamwitaje? Akitaka arudi nyumbani, alikuwa anasemaje?"

Atupele alimkazia macho. Alielewa kinachotaka kufanyika, na Subilaga aliona chuki ikipita kwenye uso ule, na haki ilikuwa yake. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, "Gwaki. Alikuwa anamwita Gwaki. Anasimama mlangoni anamwambia chakula kinapoa."

Subilaga alibonyeza.

"Gwaki," alisema. Sauti ilimtoka laini, na hakujua ameitoa wapi. "Gwaki wangu, rudi nyumbani. Chakula kinapoa."

Wimbo ulikoma. Wakangoja. Kisha gambuti zikasikika zikiburuta kwenye saruji, zikasimama, zikaburuta tena, na mkono ukatokea mlangoni. Atupele aliudaka na kuuvuta kwa uzito wake wote, na Gwakisa akatoka mzima mzima akawaangukia wote wawili. Midomo ilikuwa ya bluu. Walimburuta mpaka kwenye mlango mkubwa wenye upepo, wakamfungua ovaroli, Atupele akamwekea barakoa ya mtungi ule ule usoni. Alikohoa, akatapika, akavuta hewa. Subilaga alilia waziwazi, bila aibu, viatu vikiwa bado mkononi.

Gwakisa alifumbua macho. Alimtazama Subilaga, akamtazama Atupele, kisha akatazama nyuma yao, kwenye ukumbi, akitafuta.

"Yuko wapi?" aliuliza.

*

"Umefanya vizuri sana, binti yangu," ilisema sauti ya Luvanda sikioni.

Subilaga alisikia joto likimpanda kifuani. Machozi yalikauka. Mgongo ulinyooka wenyewe, na kwa dakika hiyo dunia nzima ilikuwa sawa, kwa sababu alikuwa amefanya vizuri na baba alikuwa ameona.

Baba. Baba yake, fundi baiskeli wa Tukuyu, aliyekuwa akimwita binti yangu, ambaye hakuishi kumwona akivaa ovaroli. Subilaga alikuwa na sauti yake kwenye simu, ujumbe mmoja mfupi wa kumtakia mtihani mwema.

Woga uliomshika hapo ulikuwa mpya. Alikumbuka chai ya asubuhi na alivyokaa alipoambiwa kaa. Alikumbuka miaka yote aliyopanda ngazi za kituo hiki kwa furaha, akidhani ni kwa sababu anapenda kazi. Akaingiza kidole sikioni akaing'oa njugu, akaitupa.

Luvanda alikuwa anakuja, ameshashuka ngazi, sweta lake halijakunjika. Wafanyakazi walimpisha. Alipofungua mdomo, Subilaga alisikia kwa mara ya kwanza sauti yake halisi, maana hata ofisini, uso kwa uso, ilikuwa ikimfikia kupitia njugu. Ilikuwa nyembamba, ya puani, yenye haraka. Hakuna mtu angegeuka nyuma kuisikiliza.

"Wageni wako getini," ilisema. "Valvu imebaki kidogo tu. Mpumzisheni, halafu arudi amalize."

"Hewa mle ni sumu," Subilaga alisema.

"Ataingia na mtungi basi. Mwambie wewe. Wewe anakusikia."

Subilaga alinyoosha mkono wenye viatu. "Mwambie mwenyewe. Na ukishamwambia, shika hivi."

Mafundi walisogea karibu. Kila fundi pale alijua maana yake. Luvanda alivitazama vile viatu vyenye matope na kisigino kilicholika. Aliweka mikono nyuma, akarudi hatua moja. Ilikuwa hatua ndogo lakini wote waliiona, na mmoja mmoja mikono ikaanza kupanda kwenye masikio. Kijana wa gwaride alikuwa wa kwanza kutoa yake.

Subilaga alipiga magoti. "Gwakisa, nipe na ya kwako. Mama hayumo humo. Nilikuwa mimi. Nisamehe."

Gwakisa alifunika sikio kwa kiganja.

"Nilijua," alisema, kwa sauti iliyokwaruzwa na gesi. "Nilimzika kwa mkono wangu, nisijue? Nilijua hata mara ya kwanza. Sema tena."

"Gwakisa..."

"Sema tena, dada. Mara moja tu. Valvu nitakwenda kufungua, hata bila mtungi. Sema kitu kingine, chochote, kwa sauti ile."

Luvanda alimtazama Subilaga kwa huruma, ndiyo, huruma ya kweli, ya mtu anayemtazama mwenzake akijifunza kazi. Na Subilaga, kidole kikiwa karibu na kitufe, aliona jinsi ilivyo rahisi. Neno moja na huyu mtu angefurahi. Neno moja na angefanya lolote. Hilo ndilo lililomtisha, kwamba lingekuwa neno la wema.

Alisimama, akaenda mpaka mlango wa Chumba cha Tatu, akakitupa kishikwambi ndani kwa nguvu zake zote, na kuufunga mlango kwa komeo. Akarudi. Alimvua Gwakisa gambuti, akamvalisha viatu vyake, akamfunga kamba. Gwakisa alimwacha afanye, huku amekumbatia sikio lake, akisikiliza njugu ambayo haikusema kitu. Taratibu, kiganja kilishuka. Aliitoa mwenyewe, akaishika kidogo, akampa Atupele.

Walimwinua. Walianza kwenda, Gwakisa katikati, kuelekea kwenye lango na mwanga wa mchana.

"Subilaga," alisema Luvanda nyuma yao. "Rudi hapa."

Ilikuwa ile sauti nyembamba, ya puani. Hakukuwa na njugu sikioni wala baba ndani yake. Na miguu ya Subilaga ilisimama.

Alijaribu kuisogeza, ikagoma. Miaka yote ile ilikuwa imeingia kwenye magoti, na magoti hayana kitu cha kung'oa. Jasho lilimtoka. Alihisi shingo ikianza kugeuka, polepole, kwa utii, na hakuwa na mtu wa kumwomba aizuie.

Gwakisa, aliyekuwa ameegemea bega lake, alimvuta mkono.

"Twende, dada," alisema, kwa sauti yake mwenyewe iliyokwaruzika. "Chakula kinapoa."